Dereva asiyedaiwa hesabu

Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara alipogongwa na gari aina ya Nissan. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa binadamu, naye hakusimama. Alikimbia. Kishindo kilimrusha yule mama hadi njia ya pili, mbele ya gari jingine ambalo halikuwa na mtu ndani. Lilikuwa teksi ya Cruise, kampuni iliyokuwa mikononi mwa General Motors. Gari hilo lilifunga breki kwa nguvu, lakini lilikuwa limeshachelewa. Likamkanyaga, likasimama.

Mpaka hapo, dereva mzoefu anaweza kusema kwamba huenda hata yeye asingemkwepa. Kilichofuata ndicho kilichobadili mwelekeo wa magari yasiyo na dereva. Kompyuta ilidhani gari limegongwa ubavuni, na maelekezo yake kwa hali ya namna hiyo yalikuwa kusogea pembeni ili lisizuie barabara. Gari likaondoka tena, mtu akiwa chini yake, likamburuta takriban mita 6 kabla ya kusimama kabisa. Mama yule aliumia vibaya, ila alinusurika.

Hata aliyepata leseni wiki iliyopita anajua kwamba ukimkanyaga mtu, gari hulisogezi kabla hujashuka ukachungulia chini. Hakuna aliyeiandikia kompyuta jambo hilo, na yenyewe haikuwa na njia ya kulijua.

Lakini aibu kubwa zaidi haikuwa ya kompyuta. Cruise ilipotoa taarifa yake ya kwanza kwa mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama barabarani, NHTSA, haikutaja kwamba mtu aliburutwa. Tarehe 24 Oktoba Idara ya Magari ya California iliifungia kampuni hiyo vibali. Mwezi uliofuata Cruise iliyaita magari yake yote 950 kwa marekebisho, na mkurugenzi wake mkuu, Kyle Vogt, akajiuzulu. Novemba 2024 Cruise ilikiri kuwasilisha ripoti ya uongo na kukubali kulipa faini ya dola 500,000 za Marekani. Mwezi mmoja baadaye General Motors ilitangaza kuacha kugharamia mradi wa teksi hizo, baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10.

Katika kisa hiki kimoja, dereva binadamu alijua alichokifanya, akakimbia. Dereva mashine hakukimbia, ila hakuelewa alichokifanya. Nao walioipa mashine usukani, yaani wenye kampuni, walielewa wakanyamaza. Yupi kati yao ni hatari zaidi kwa mtu anayevuka barabara?

Naisema rai yangu mapema. Gari lisilo na dereva, pale lilipofundishwa vizuri na kusimamiwa kwa ukali, linaumiza watu wachache kuliko sisi. Takwimu zilizopo hazina utata juu ya hilo. Ila kinacholifanya liwe salama si kile kinachotangazwa na wauzaji wake, na sehemu kubwa ya siri hiyo inatuhusu hata sisi ambao huenda tukakaa miaka mingi kabla ya kuliona mtaani kwetu.

Wakati Cruise inazama, mshindani wake alikuwa anakua. Waymo ilianza mwaka 2009 kama mradi ndani ya Google, ikawa kampuni kamili mwishoni mwa 2016. Tangu Oktoba 2020 wakazi wa Phoenix, jimboni Arizona, wamekuwa wakiita teksi yake kwa simu na kupanda kiti cha nyuma, kiti cha dereva kikiwa kitupu. Juni 2024 milango ilifunguliwa kwa kila mtu San Francisco, na Novemba mwaka huohuo Los Angeles.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Traffic Injury Prevention ulichambua mwendo wa takriban kilomita milioni 91 ambao magari hayo yalikuwa yamekwenda bila dereva katika miji minne. Ni mwendo unaokaribia safari 80,000 za basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Ukilinganisha na ajali ambazo zingetarajiwa kwa madereva wa kawaida katika miji hiyohiyo, ajali za kuumiza vibaya au kuua zilipungua kwa asilimia 85. Ajali zilizojeruhi watembea kwa miguu zilipungua kwa asilimia 92, na zile za kwenye makutano ya barabara zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 96.

Msomaji makini atauliza nani alifanya utafiti huo. Walioufanya ni watafiti wa Waymo wenyewe, na kwa hiyo inafaa kutazama upande wa watu wanaolipa fedha pale mambo yanapoharibika. Swiss Re ni moja ya kampuni kubwa kabisa duniani zinazokatia bima kampuni nyingine za bima. Kwa kushirikiana na Waymo ilichambua madai yaliyotokana na kilomita zipatazo milioni 40. Madereva binadamu, kwa mwendo huo, wangetarajiwa kuzalisha madai 78 ya uharibifu wa mali na 26 ya watu kuumia. Magari ya Waymo yalikuwa na madai 9 ya mali na 2 ya majeruhi. Na hata yalipolinganishwa na binadamu wanaoendesha magari mapya yenye vifaa vya kisasa vya usalama, pengo lilibaki karibu lilelile. Huu ndio ushahidi ninaouamini zaidi, kwa sababu mwenye bima hana faida yoyote katika kujidanganya kuhusu nani atamgharimu.

Gari hilo linaona kwa njia tatu. Lina kamera kila upande, lina rada inayopima umbali na mwendo wa vitu hata kwenye ukungu, na lina vifaa vinavyorusha mionzi ya leza na kupima inavyorudi, hivyo kompyuta huchora umbo la kila kilichopo, mchana na usiku. Ndani yake kuna ramani ya mji iliyochorwa kwa undani, na nje ya eneo la ramani hiyo gari haliendi. Linatazama pande zote kwa wakati mmoja, jambo ambalo shingo yetu haituruhusu.

Hayo ni ya kustaajabisha, lakini tusiyape uzito usio wao. Mwaka 2020 taasisi ya Marekani ya bima kwa ajili ya usalama barabarani, IIHS, ilichambua maelfu ya ajali na kujiuliza ni zipi zingezuiwa na magari yanayojiendesha. Ilikuta kwamba kuona vizuri zaidi, na kutokulewa wala kutochoka, kungeondoa takriban theluthi moja tu. Nyingine nyingi zilitokana na maamuzi: kwenda mbio, kulipita gari la mbele mahali pasipofaa, kukata taa. Gari linalojiendesha lingeziondoa hizo pale tu ambapo waliolitengeneza wangeliamuru litangulize usalama mbele ya haraka.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Gari la Waymo linaenda kilomita 40 kwa saa kwenye kibao cha 40. Linasimama kwenye kivuko kunapokuwa na mtu. Halinywi, halisinzii, halijibu ujumbe wa simu. Mwaka 2022 zaidi ya watu 42,000 walikufa barabarani Marekani. Takriban theluthi moja walikufa katika ajali zilizomhusisha dereva mlevi, na zaidi ya robo katika ajali za mwendokasi. Ukiondoa pombe na mwendokasi peke yake, bila kuongeza akili yoyote ya ajabu, umeshaokoa maelfu.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo gari hilo halina, nalo sijaliona likitajwa katika ripoti za California, kwa sababu linajulikana zaidi huku kwetu. Gari hilo halidaiwi hesabu.

Mtazame dereva wa daladala. Anaamka kabla ya alfajiri. Jioni tajiri anasubiri hesabu yake kamili, hata kama siku nzima mvua ilinyesha na abiria walikaa nyumbani. Mafuta ni juu ya dereva, kondakta anataka chake, faini ya trafiki ikija inatoka mfukoni humohumo. Kinachobaki ndicho cha kupeleka kwa mama watoto. Abiria asiyempakia yeye atapakiwa na anayemfuata, na dakika mbili za kumsubiri mwanafunzi avuke ni dakika mbili za mwenzake kuwahi kituo. Kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba yuko palepale: kila wiki ina rejesho lake, na rejesho haliulizi kama ulilala. Tunawaita wahuni, na wamo wahuni kweli. Lakini wengi wao ni watu wenye akili timamu wanaofanya kile ambacho mfumo wao wa malipo unawasukuma kukifanya. Mweke mtu yuleyule kwenye mshahara wa mwezi, saa za kazi zinazojulikana na gari lililokaguliwa, utashangaa atakavyokuwa mpole barabarani.

Waliotengeneza teksi za Phoenix walikuwa na kila sababu ya kutaka mashine yao isiwe na haraka, kwa kuwa ajali moja mbaya ingeweza kuiua kampuni, kama ilivyoiua Cruise. Mashine imerithi woga wa mwenye mali, na woga huo ni mzuri. Kampuni ikiwa na haraka, mashine yake nayo itarithi haraka hiyo.

Tempe, jirani na Phoenix, ni mahali pa kulikumbuka hilo. Usiku wa Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Alikuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la aina hiyo. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, waligundua kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde hizo zinatosha kabisa kwa gari linalokwenda kilomita 60 na kitu kwa saa kusimama. Lakini programu haikuandaliwa kumtarajia mtu anayevuka nje ya kivuko. Ikamwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila ilipobadili jina ilisahau alikotoka, hivyo ikashindwa kukadiria anakokwenda. Breki za dharura za kiwandani, ambazo gari hilo la Volvo lilikuja nazo, zilikuwa zimezimwa ili zisigongane na programu ya Uber. Na mfanyakazi aliyekaa kwenye usukani ili kuokoa jahazi alikuwa akitazama simu.

Nikiipitia orodha hiyo, sioni hata kosa moja ambalo ni la mashine peke yake. Mtu anayevuka pasipo na kivuko ni jambo la kila saa katika kila mji duniani. Kuna watu waliokaa mezani wakaona wanaweza kuanza majaribio bila kulihesabu hilo. Mfanyakazi yule alifikishwa mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Uber kama kampuni haikushtakiwa kwa jinai, na mwishoni mwa 2020 iliuza kitengo chake cha magari hayo.

Hapa pia niseme neno kuhusu mkanganyiko unaoweza kumgharimu mtu uhai. Magari mengi ya kibinafsi yanayosifiwa kuwa yanajiendesha, yakiwemo ya Tesla yenye mfumo wa Autopilot, ni magari yanayomsaidia dereva tu. Dereva anatakiwa kuwa macho muda wote. Binadamu hana kipaji cha kukesha akisubiri kosa linalotokea mara moja kwa mwezi. Baada ya siku chache za mambo kwenda sawa, macho yanahamia kwenye simu. Desemba 2023 Tesla iliyaita zaidi ya magari milioni 2 nchini Marekani ili kurekebisha namna mfumo huo unavyohakikisha dereva yuko makini. Takwimu nzuri za Waymo haziwezi kuazimwa kutetea mifumo hiyo. Ni vitu viwili tofauti.

Hata hizo za Waymo zina mipaka yake. Nchini Marekani mtu mmoja hufa katika kila kilomita milioni 130 hivi zinazoendeshwa. Kifo kwa kipimo hicho ni tukio adimu, na kuthibitisha kwamba mashine inaua mara chache zaidi kunahitaji mwendo mkubwa mno. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya RAND, Nidhi Kalra na Susan Paddock, walipiga hesabu kwamba ingehitajika mwendo wa takriban kilomita milioni 440 bila kifo hata kimoja ili kuthibitisha kwa uhakika wa kitakwimu kwamba gari hilo si baya kuliko binadamu kwa upande wa vifo. Magari 100 yakitembea usiku na mchana yangechukua zaidi ya miaka 12. Kwa majeruhi, ushahidi umeshatosha. Kwa vifo, bado unakusanywa, na unakusanywa kwa kuyaachia magari hayo barabarani katikati ya watu ambao hawakuombwa ridhaa.

Tofauti nyingine haionekani kwenye asilimia. Madereva elfu tatu wa kawaida wana tabia elfu tatu. Magari elfu tatu ya Waymo ni dereva mmoja. Akiwa na kasoro, kasoro hiyo iko kila kona kwa wakati mmoja. Mwaka 2025, huko Austin, jimboni Texas, wilaya ya shule ilirekodi takriban mara 20 ambapo magari hayo yalilipita basi la wanafunzi lililosimama huku taa zake nyekundu zikiwaka na kibao cha kusimamisha magari kikiwa kimechomoza. Kwa sheria za Marekani hilo ni kosa zito, maana watoto wanashuka. Waymo ilibadili programu. Wilaya ikasema makosa yanaendelea. Desemba kampuni iliyaita kwa marekebisho magari yake yote, zaidi ya 3,000. Mwezi huohuo umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya San Francisco, taa za barabarani zikazimika, na teksi hizo zikaganda katikati ya makutano mpaka huduma ikasimamishwa kwa muda. Dereva wa Ubungo, Dar es Salaam, asingeganda. Kwake, taa kuzimika ni jambo la kawaida. Angetoa mkono nje, angepiga honi mbili, wangeelewana.

Uzuri wa kuwa dereva mmoja ni kwamba akifunzwa, wamefunzwa wote. Somo ambalo kwa binadamu linapaswa kurudiwa kwa kila kijana anayepata leseni, kwa mashine linapelekwa usiku mmoja kwa magari elfu tatu na halisahauliki. Lakini somo hilo linafika tu pale ambapo kosa limeonekana na kuandikwa. Tangu Juni 2021 NHTSA inazilazimisha kampuni zote za magari yanayojiendesha kuripoti ajali zao, na sehemu kubwa ya taarifa hizo iko wazi kwa umma. Bila amri hiyo nisingekuwa na lolote la kuandika hapa zaidi ya matangazo ya biashara. Ndiyo maana kosa la Cruise kunyamaza ni zito kuliko kosa la gari lake kutoelewa.

Abiria naye ana nafasi gani? Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu vikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Kampeni hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Zusha. Katika jaribio la kwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililofuata lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Karatasi ya bei ndogo na ujasiri wa abiria, basi. Sijui hatua nyingine ya usalama barabarani iliyoleta matokeo makubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo katika nchi zetu.

Ndani ya gari lisilo na dereva, sauti hiyo inamwendea nani? Kuna kitufe cha kuomba lisimame na kitufe cha kuongea na mtu wa kampuni aliye mbali. Askari naye alikuwa hana wa kumwandikia. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, kusini mwa San Francisco, walilisimamisha gari la Waymo lililogeuza mahali palipokatazwa, wakabaki wanatazamana na kiti kitupu, kwa kuwa sheria iliandikwa kwa ajili ya dereva mtu. California ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 2024 ya kuruhusu askari kuiandikia kampuni yenyewe notisi ya kosa, ikianza kutumika Julai 2026. Ni takriban miaka miwili baada ya teksi hizo kufunguliwa kwa kila mtu San Francisco. Nchi yoyote itakayoruhusu magari haya iandike sheria hiyo kwanza, gari lije baadaye.

Afrika Mashariki imeshaingia katika habari hii, tena zamani, kupitia mikono ya vijana wake. Kompyuta haizaliwi ikijua mtembea kwa miguu anafananaje. Inaonyeshwa picha nyingi mno ambazo mtu amechora mistari kuzunguka kila mtu, kila baiskeli, kila kibao, na kuandika hiki ni nini. Mwaka 2018 BBC ilieleza habari za vijana wa Nairobi, wengine wakitokea Kibera, waliokuwa wakifanya kazi hiyo katika kampuni ya Samasource kwa malipo ya takriban dola 9 kwa siku. Barabara walizokuwa wakizichora hawajawahi kuzikanyaga. Mtu akiokoka leo kwenye kivuko cha California kwa sababu gari limemtambua, upo uwezekano kwamba macho ya kwanza kumfundisha yule dereva kutambua binadamu yalikuwa ya kijana aliyekwenda kazini kwa matatu. Naona ni haki jambo hilo litajwe kila usalama wa magari haya unaposifiwa.

Tena mizani ya vifo imelalia upande wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Asilimia 92 ya vifo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa zina takriban asilimia 60 tu ya magari ya dunia, na bara la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Teksi zisizo na dereva zilianza Phoenix kwa sababu pana jua karibu mwaka mzima, barabara pana na mistari inayoonekana. Zitakuja mwisho kule ambako watu wanakufa zaidi.

Ila vipande vya teknolojia hiyo vimeshaanza kushuka melini. Tangu Novemba 2021 Japani inataka kila toleo jipya la gari dogo linalotengenezwa nchini humo liwe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe: kamera au rada inaona kikwazo, na dereva asipofanya kitu, gari linafanya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoteremshwa na yatakayoteremshwa Mombasa, na mengine mengi Dar es Salaam. IIHS ilikuta kwamba breki hizi hupunguza kwa nusu ajali za kumgonga wa mbele kwa nyuma. Hakuna haja ya ramani ya mji wala kampuni ya California. Kifaa kimo ndani ya Toyota iliyotumika, kimeshalipiwa.

Kamera yenyewe mara nyingi hukaa juu ya kioo cha mbele, kwa ndani. Kioo kikipasuka kwa jiwe na kubadilishwa gereji bila kamera kupangwa upya kwa vipimo vyake, gari linaweza kuona kikwazo mahali ambapo hakipo. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, wapo watakaotafuta fundi wa kuizima badala ya fundi wa kuitengeneza, kama vidhibiti mwendo vya matatu vilivyochezewa baada ya kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilizoanza kutumika mwaka 2004. Ningependa mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yaweke ukaguzi wa breki hizo katika kila gari linaloingia, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ifundishe vijana kupanga kamera hizo kama inavyofundisha kufunga breki za kawaida. Ni kazi mpya, ina malipo, na haimwondoi dereva yeyote kwenye kiti chake.

Matokeo ya IIHS ya mwaka 2022 yanapaswa kusomwa na wenye barabara pia. Breki zinazomtambua mtembea kwa miguu zilipunguza ajali za kuwagonga kwa asilimia 27. Lakini usiku, kwenye barabara zisizo na taa, watafiti hawakuona tofauti yoyote kati ya gari lenye mfumo huo na lisilo nao. Barabara zetu kuu nyingi hupita vijijini bila nguzo hata moja ya taa, na saa moja jioni ndipo watu wanarudi nyumbani kutoka gengeni na shambani, kwa miguu, ukingoni mwa lami. Kwa watu hao, taa chache na njia ya miguu pembeni ya barabara vitafanya kazi leo kwa gari lolote linalopita, lenye kamera na lisilo nayo.